Jibu kwa msomaji wa Katuba: nani achore kwa nukta chale za nkambo?

Swali: "Mimi ni mwalimu, nina miaka 27, ninaishi komini ya Katuba hapa Lubumbashi. Nkambo wangu, yaani mzazi wa mzazi wangu, Mluba anayeishi Kamina, ana chale za zamani mgongoni na tumboni. Ninataka michoro hiyo niichorwe kama tatuu ya nukta nyeusi, kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Nimeongea na wachoraji watatu. Wa kwanza ni maarufu kwa kuchora sura za watu na ana wafuasi wengi mtandaoni. Wa pili huchora majina na herufi karibu na soko, na bei yake ni ndogo. Wa tatu ni kijana anayedunga nukta kwa mkono, bila mashine, na kazi zake bado si nyingi. Wote wananiambia kwamba wanaweza. Ngozi yangu ni nyeusi sana, na nilipotoboa masikio nilipata uvimbe mgumu kwenye sikio moja. Nimchague yupi?"

Dada yangu, ni nadra mchoraji anayeishi kwa kazi ya mikono yake kumwambia mteja kwamba kazi fulani haiwezi, kwa hiyo neno lao kwamba wanaweza halikusaidii kuchagua. Kitakachokusaidia ni tatuu zilizokwisha kupona, za mtindo huo huo unaoutaka, kwenye ngozi nyeusi kama yako. Nimeifanya kazi hii hapa mjini kwa muda wa kutosha kujua kwamba wateja wengi hawaombi kuonyeshwa tatuu za namna hiyo, na wachoraji wengi hawana za kuwaonyesha. Lakini kabla ya kwenda kuziomba inafaa ujue utafute nini ndani yake, kwa maana katika swali lako kuna jambo linaloifanya kazi yako iwe ngumu kuliko tatuu ya nukta ya kawaida.

Chale za nkambo wako hazikuwekwa kwa rangi. Ni makovu yaliyoinuka: ngozi ilichanjwa, ikapona ikiwa imevimba kidogo, na mchoro ukaonekana kwa kuwa mwanga huangukia upande mmoja wa kila kovu na kuacha kivuli upande wa pili. Ndiyo maana chale huweza kufuatwa kwa vidole kama zinavyofuatwa kwa macho. Tatuu nzuri, kinyume chake, hulala sawasawa na ngozi, na nukta inayobaki imeinuka baada ya kupona kwa kawaida ni dalili kwamba ngozi iliumizwa kupita kiasi. Kwa hiyo mchoraji utakayemchagua hawezi kunakili tu. Anapaswa kuamua jinsi ya kuonyesha kitu kilichoinuka kwa kutumia wino usioinuka, na hapo ndipo anayeujua mtindo huu anapotengana na yule anayejua kudunga nukta basi.

Njia zilizopo ni mbili. Katika ile ya kwanza kila kovu hugeuzwa kuwa nukta nyeusi au mstari mfupi mweusi, na ngozi inayolizunguka huachwa wazi. Ni njia safi, haichukui muda mrefu sana na hudumu vizuri, ila inageuza mwanga kuwa giza: palipokuwa panang'aa kwenye mwili wa nkambo, kwako panakuwa peusi. Katika njia ya pili kovu lenyewe huachwa kama ngozi tupu, na nukta hupangwa pembeni yake kama kivuli, nyingi upande mmoja na chache upande mwingine, mpaka jicho liamini kwamba ngozi imeinuka. Mimi huipenda zaidi hii ya pili kwa ngozi nyeusi, kwa sababu ngozi yenyewe ndiyo inayotoa mwanga. Hata hivyo inahitaji nukta nyingi zaidi, vikao vingi zaidi na mkono uliotulia zaidi, na kwa mtu mwenye uvimbe sikioni kama wako wingi huo wa majeraha si jambo dogo, kama nitakavyoeleza. Muulize kila mmoja wa wale watatu angetumia njia ipi na kwa nini. Asiyeelewa hata swali lenyewe hajawahi kuifikiria kazi unayompelekea.

Na ukiambiwa kwamba utaongezwa wino mweupe ili kuonyesha mng'ao wa kovu, kataa. Wino hukaa chini ya tabaka la ngozi lenye rangi yetu ya asili, yaani tunauona kupitia rangi hiyo, na wino mweupe kwenye ngozi nyeusi sana, ukishapona, hubaki kama waa la manjano au hauonekani kabisa.

Mchoraji naye hatafanya kazi nzuri akipewa maelezo ya mdomo peke yake. Nenda Kamina, au mwombe shangazi aliye karibu na nkambo ampige picha, kwa ridhaa yake na kwa heshima inayostahili mwili wa mzee, katika jua la asubuhi au la jioni linalotoka upande. Jua la saa sita na mwanga wa simu hufuta vivuli, na chale za zamani hazionekani tena. Kwenye picha moja iwekwe rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Muulize nkambo pia ni nani aliyemchanja, alikuwa na umri gani, na kama kuna alama ambazo mtu hakuruhusiwa kuzivaa bila sababu. Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha kipi kichorwe na kipi kibaki kwake.

Halafu tenga mchana mmoja upite kwenye Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi, na utafute pia picha za viti na sanamu za Kiluba popote utakapozipata. Mwanamke anayebeba kiti cha chifu mara nyingi huchongwa pamoja na chale zake, na utaona kwamba zimejaa tumboni na kiunoni, si mkononi. Hilo lina uzito kwa kazi yako, kwa sababu mchoro uliotungwa kwa ajili ya sehemu pana ya mwili, ukihamishiwa kwenye mkono ambao ni wa mviringo na mwembamba, lazima upunguzwe na upangwe upya. Watabwa wa upande wa Moba, kando ya ziwa Tanganyika, wana safu zao za pembetatu waziitazo balamwezi, zinazohusishwa na mwezi mpya unaochomoza. Zinapendeza mno, lakini si za nkambo wako. Mchoraji anaweza kukuletea pembetatu hizo, au shanga za lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Kiluba, ambazo zilisomwa na watu wa chama cha Mbudye waliofundishwa kuzisoma, au hata michoro ya visiwa vya Polinesia aliyoikuta kwenye simu, na kukuambia kwamba yote ni "ya asili". Huyo hata kama mkono wake ni mzuri, kwa kazi hii hafai.

Sasa nije kwenye picha za tatuu zenyewe, kwa maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Tatuu iliyochorwa leo haisemi mengi juu ya ufundi wa aliyeichora. Ngozi imevimba, wino wa juu haujatoka, na kila nukta inaonekana nyeusi na kali. Sindano inapaswa kufika kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Ikiishia juu, wino hutoka pamoja na magamba katika wiki za mwanzo na nukta hupotea. Ikipita, wino hutawanyika chini na kila nukta huzungukwa na ukungu wa kibuluu. Makosa hayo mawili aghalabu hujificha siku ya kwanza. Tena wino haukai ngozini kama rangi iliyokauka ukutani: chembe zake humezwa na seli za kinga, na mwaka 2018 watafiti wa Marseille walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba seli hizo zinapokufa chembe huachiwa kisha humezwa na seli nyingine. Kadiri miaka inavyopita, nukta hunenepa kidogo kidogo na kingo zake hulegea. Nukta zilizobanana kwa sababu zilipendeza siku ya kwanza huja kuungana na kuwa doa, na kwenye ngozi nyeusi, ambako tofauti kati ya wino na ngozi ni ndogo tangu mwanzo, doa hilo humeza mchoro wote. Mchoraji aliyezoea ngozi nyeupe huona ugumu kuamini ni nafasi kiasi gani inayotakiwa kuachwa kati ya nukta na nukta kwenye ngozi kama yako.

Kwa sababu hiyo omba picha za kazi zilizopona kwa muda usiopungua miezi sita, na moja au mbili zenye zaidi ya mwaka. Ziwe za nukta au michoro ya jometri, si za sura wala herufi. Tazama ngozi kabla ya kutazama tatuu: ikiwa ngozi ya mteja imekuwa ya kijivu au inang'aa kama chuma, picha imetengenezwa kwa programu ya simu na weusi wa wino unaouona huwezi kuuamini. Inayofaa zaidi ni video fupi iliyopigwa nje, kivulini, mkono ukigeuzwa polepole. Na kuliko vyote, mwone mteja mwenyewe. Katika mji huu watu wanajuana, na mchoraji mwenye kazi njema hashindwi kumwomba mteja wake wa komini ya Kenya au ya Kampemba akuonyeshe mkono kwa dakika tano.

Ukiwa mbele ya mkono huo, macho yako yaende moja kwa moja upande wa ndani, karibu na kwapa, mahali ambapo mwanzo wa mchoro unakutana na mwisho wake. Upande wa nje kila mchoraji hujitahidi, kwa kuwa ndio unaopigwa picha. Ndani, safu zinazokosana au nafasi tupu iliyojazwa na nukta za ovyo huonyesha kwamba mchoro ulipangwa kwenye karatasi bapa kisha ukabandikwa. Mjuzi huupanga mchoro mteja akiwa amesimama na mkono umening'inia, kwa sababu misuli hujipinda mkono unapolazwa, na duara lililokuwa sawa mezani huonekana kama yai mtu anaposimama. Angalia pia kama nukta za safu moja zina ukubwa mmoja na umbali mmoja. Mstari mrefu husitiri kutetemeka kidogo. Safu ya nukta haisitiri, jicho hukwama penye nukta iliyokwenda kando hata kabla mtu hajatambua ni ipi. Mwisho, kwa ruhusa ya mteja, pitisha kidole juu ya tatuu huku umefumba macho. Usihisi kitu.

Nirudi kwenye sikio lako, ambalo kwangu ni zito kuliko jina la mchoraji yeyote. Uvimbe mgumu unaokua kupita mipaka ya tundu lililotobolewa huenda ni keloidi, na watu wenye asili ya Kiafrika hupata keloidi zaidi kuliko wengine. Tatuu ni majeraha madogo maelfu. Bega na sehemu ya juu ya mkono, pale pale unapotaka kuchorwa, ni miongoni mwa sehemu ambazo keloidi hupenda kuota, pamoja na kifua, mgongo wa juu na masikio yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu chochote, mwone daktari wa ngozi akuangalie sikio hilo. Akikuambia uache, uache. Hakuna mtindo wa kuchora unaoondoa hatari hiyo. Akikuruhusu kwa tahadhari, mimi ningeushusha mchoro kwenye kigasha, chini ya kiwiko, ambako hatari kwa kawaida ni ndogo kuliko begani, na ningechagua ile njia ya kwanza yenye nukta chache, ingawa moyo wangu uko kwenye ya pili. Kisha ningemtaka mchoraji adunge kwanza nukta chache tu, kama kumi hivi, pale pale zitakapokuwa, na kusubiri. Keloidi haina haraka: mara nyingi huanza kuonekana baada ya miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo miezi sita ya kusubiri si ya kupita kiasi.

Jaribio hilo lina faida ya pili. Litakupa kitu ambacho hakuna mchoraji anayeweza kukuonyesha kwenye simu, yaani kazi yake iliyopona kwenye ngozi yako mwenyewe. Zile nukta kumi zitakuonyesha kama anadunga kina kimoja, kama weusi umebaki, na kama nukta zimeanza kukaribiana. Mchoraji anayecheka ukimtajia keloidi, au anayesema kwamba mafuta fulani yanaizuia, ondoka kwake bila kubishana.

Juu ya usafi sitasema mengi, kwa kuwa hapo hakuna cha kujadili. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako, na itupwe kwenye chombo kigumu baada ya kikao. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo kipya, na unaobaki umwagwe. Kama anatumia vifaa vya chuma vinavyorudiwa, vitakaswe kwa mashine ya mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Kuchemsha kwenye sufuria au kupitisha kwenye moto wa mshumaa hakutoshi. Muulize hufanya nini umeme unapokatika mashine hiyo ikiwa katikati ya kazi. Jibu sahihi ni kwamba huanza upya tangu mwanzo, au kwamba hutumia vifaa vya kutupwa pekee. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko virusi vya UKIMWI, na chanjo yake ipo, kwa kawaida dozi tatu katika muda wa miezi sita. Ukiianza sasa itamalizika wakati huo huo ambao jaribio lako litakuwa limetoa jibu.

Kuhusu wale watatu, nitasema ninavyowaona kutokana na ulichoniandikia. Wa kwanza huenda ni fundi hodari, lakini ufundi wa kuchora sura ni wa kuyeyusha kivuli kimoja ndani ya kingine kwa sindano pana na wino wa kijivu, na mtindo wako unataka kila nukta ibaki peke yake. Wafuasi wake wanapenda sura. Ukienda kwake, muulize pia wino wa kijivu anauzimua na nini. Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, watu walipata vidonda vya bakteria kwa sababu ya wino wa kijivu uliozimuliwa kiwandani kwa maji yasiyotakaswa ipasavyo, na hayakuwa maji ya bomba bali yaliyokenekwa. Wa pili simwondoi kwa sababu ya bei yake ndogo, namwondoa kwa sababu hujaniambia umeona kwake hata kazi moja ya nukta. Bei ndogo kwa kazi ya nukta kwa kawaida humaanisha haraka, na mtu akikuahidi mkono mzima wa nukta kwa mchana mmoja, ama hajawahi kuufanya, ama atakuumiza.

Wa tatu ndiye ningeanza naye. Kudunga kwa mkono ni kwa polepole, lakini kukifanywa vizuri huitesa ngozi kidogo kuliko mashine, na kila nukta hupata uangalizi wake. Kwa ngozi inayoshukiwa kuwa na keloidi huo ni unafuu, ingawa si kinga. Uchache wa kazi zake usikutishe, mradi tatu au nne kati ya hizo zimekwisha kupona na unaweza kuziona kwa macho. Linalonitia wasiwasi kwa wadungaji wa mkono ni kwamba baadhi yao, kwa kuwa hawana mashine, hujiona kama hawahitaji taratibu za usafi zilizo kali. Mwombe akuonyeshe pakiti za sindano, na ziwe za tatuu, si sindano za kushonea nguo. Mpelekee picha za nkambo, mwachie wiki mbili, kisha atazame mkono wako na akuchoree mpango kwa kalamu juu ya ngozi yenyewe. Ukiona ameuliza maswali kuhusu chale ambayo wewe hukuyafikiria, mpe zile nukta kumi. Malipo ya jaribio yawe tofauti na malipo ya kazi nzima, na usitoe arbuni ya mkono wote kabla ya miezi sita kupita.

Ikiwa nukta zake zitapotea au kuvimba, utakuwa umepoteza fedha kidogo na nukta kumi, na utakuwa huru kutafuta Kinshasa au ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Lusaka na hata Johannesburg, kwa vigezo hivi hivi. Kumbuka tu kwamba mchoraji wa mbali atakutaka urudi kwake kuzitia upya nukta zilizofifia, na kazi ya nukta karibu kila mara hudai kikao cha namna hiyo. Kama daktari atakuruhusu, fanya jaribio mwezi wa tano, baridi inapoanza na jasho ni kidogo, ulifunike vizuri siku za mwanzo dhidi ya vumbi, na mwezi wa kumi na moja uniandikie nukta zikoje.